Jumatatu ni Siku ya Kufua

Ingieni, wanangu, mkae, na mlango uacheni wazi. Najua wewe Mzee unataka kuufunga, eti maneno ya mgonjwa yasitoke nje. Mwanangu, maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa mlango wa kutolea maneno ya watu, leo ya kwangu ndiyo yafungiwe ndani? Na huyo jirani yetu fundi cherehani ameshasimamisha mashine yake ili asikilize, sikieni kulivyo kimya upande wa pili wa ukuta. Basi asikilize vizuri, asije akatoka na habari nusu. Habari nusu ndiyo iliyoivunja nyumba hii zamani, na inataka kuivunja tena, na hilo ndilo nililowaitia.

Mkwe wangu, kaa hapo miguuni, ukichoka kukaa tu nikande. Mzee, vuta kiti, usisimame kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu. Na wewe Mtungi, kitinda mimba wangu usiye na maneno, kaa hapa kichwani karibu na simu. Simu ibaki hapo hapo juu ya mto. Leo Jumatatu, na Jumatatu jua likishapanda juu ya paa la jirani mnajua ni nani anapiga. Basi nina muda mpaka hapo. Nguvu zangu ni kama betri ya simu kuukuu, kwenye kioo inaonyesha imejaa, ukisema maneno mawili inazima. Kwa hiyo msinikatishe. Nikikatishwa nitacheka, nikicheka nitakohoa, nikikohoa mkwe wangu ataanza kulia, na zamu yake ya kulia bado.

Kwanza mjue kwamba najua. Daktari alipomvuta Mzee nje ya mlango wakanong'onezana, alidhani naumwa masikio. Tumbo ndilo linaloumwa, masikio yangu mazima, yamefanya kazi kuliko kiungo chochote cha mwili huu. Nilimsikia akisema haponi, nikamsikia akisema mpeni anachotaka. Na tangu siku hiyo hakuna aliyenipa ninachotaka, mmenipa uji. Haa! Ngoja, ngoja nipumue. Sijambo. Nilichotaka ni kitu kimoja, na kitu chenyewe hakipikwi.

Jumatatu iliyopita simu ililia hapa hapa kitandani. Mzee akainyakua kama mtu anayeokoa maziwa yasimwagike, akatoka nayo mbio mpaka jikoni. Sasa kuta za nyumba hii mnazijua, mtu akikuna kichwa sebuleni aliye chumbani anasikia kuna mba. Nikasikia, "Shangazi? Shangazi hayupo, ameenda harusini." Harusini! Mimi huyu, ambaye hata chooni nabebwa na watu wawili! Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu nikasikia sauti ya yule mtoto ndani ya simu, ndogo, inauliza, "Harusi Jumatatu asubuhi, kaka? Nani anaoa Jumatatu?" Hapo kicheko kilinikauka. Mtoto alishajua anadanganywa, akasema haya, msalimie. Msalimie! Kama vile mimi ni mke wa mwenyekiti wa mtaa.

Fundi, wewe wa ukutani, nakupangia habari vizuri ili usikosee utakapoipeleka. Huyo aliyepiga simu ni wa kati wa hawa, binti wa marehemu kaka yangu. Nilimpa jina la Kelele tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu alipotoka alilia mpaka mkunga akaziba masikio. Huyo ametumwa na kanisa mbali, huko milimani, kuhubiri na kufundisha watu. Misheni yao ina sheria. Wiki nzima simu zinafungiwa kabatini kwa msimamizi, wanarudishiwa Jumatatu asubuhi, siku ya mapumziko, siku wanayofua nguo zao. Amebakiza mwaka. Na kaka yake mkubwa huyu hapa, ambaye tunamwita Mzee kwa kuwa alizeeka akiwa na meno ya utotoni, ameamua kwamba mwenzake asijue kuwa mimi nakufa, mpaka nizikwe. Kisa? Eti yuko kwenye kazi ya Mungu, asivunjwe moyo.

Wanangu, maneno hayo mimi nayajua. Nilishayasikia, na nitawaambia mwisho wake, maana wewe Mtungi ulikuwa mgongoni na Kelele alikuwa bado anakojoa kitandani, anayekumbuka ni Mzee peke yake, na Mzee hasemi.

Baba yenu, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa mwashi, na mikono yake ilikuwa na baraka. Kanisa likamtuma mbali, ajenge na ahubiri humo humo anamojenga. Hakuwa mtu wa kusahau kwao. Alikuwa anapiga simu kwenye duka la kona, mwenye duka anatuma mtu kuja kuita, mnaenda mbio mnapokezana mkonga wa simu. Mama yenu akaugua. Wakubwa wa ukoo wakakaa pale sebuleni, wamevua viatu, wamekunja nyuso, wakasema: yuko kwenye kazi ya Mungu, tusimvunje moyo, atajua akirudi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa mbali, na mimi pia nilifichwa, kwa kuwa walijua siri kwangu haikai hata ukiishona kwa sindano, na kwa hilo hawakunisingizia. Sasa simu ilipolia pale dukani, nani akazungumze? Watu wazima sauti zao zinatetemeka. Wakamtuma mtoto. Wakamfundisha kabisa, mwambie baba Mama hajambo, ameenda sokoni.

Mzee, inua uso, mwanangu. Sikusemi, nakusemea.

Akasema alivyofundishwa. Wiki hii mama yuko sokoni, wiki ile mama yuko sokoni, mpaka kaka yangu akacheka kwenye simu, akasema mama yenu siku hizi ananunua nini, soko lote? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kiliumbua. Kaka alirudi na zawadi ya viatu vya mkewe mkononi, viatu vyeupe vyenye kisigino kifupi, akaonyeshwa kaburi ambalo majani yameshaota. Nilikuwa nimeshafika, niliona. Hakugombana na mtu. Bora angegombana, bora angevunja hata sahani. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni chenye kitambaa, akaletewa chai kwenye kikombe cha wageni, akashukuru, akaaga kama mgeni, akaondoka. Akaniachia ninyi watatu na viatu. Hakurudi tena mpaka tulipomleta kwenye jeneza. Mtaa mzima ukasema dini imemla. Dini haikumla! Kazi ile ile ya Mungu alikuwa anaifanya siku zote, na simu alikuwa anapiga. Kilichomla ni kujua kwamba ana nyumba ambayo akiwa mbali haambiwi kitu. Mtu kama huyo anarudi kufanya nini? Kunywa chai?

Sasa Mzee, mwanangu, nisikilize hapa. Ulikuwa mtoto. Uliambiwa useme, ukasema. Mbele za Mungu na mbele ya huyu fundi cherehani, kosa lile ni la wale waliovua viatu sebuleni, wote wameshatangulia, na mimi nikifika huko nitaanza nao hata kabla sijaonyeshwa pa kulala. Wewe hukuwa na kosa, na hukuwa nalo hata siku moja. Lakini Jumatatu iliyopita hukuwa mtoto. Sokoni, harusini, wimbo ni ule ule, umebadilisha mahali tu. Na najua kwa nini. Kelele alipoaga, ulisimama mlangoni na randa mkononi ukasema, baba naye alianza hivi hivi. Unaogopa atapotea kama baba. Sasa ukishaogopa mtu asipotee, ndiyo umfungie njia ya kurudi? Seremala mzima, unatengeneza milango ya watu kila siku!

Mpe kitambaa, mkwe. Na wewe usilie, nimesema zamu yako bado.

Mnakumbuka Kelele alipopewa ruhusa ya siku chache, wanamhamisha kituo, akapitia hapa? Mungu wangu, mlichofanya! Mlinunua shuka mpya. Mkamtoa chumbani kwake kwa sababu Mzee alishajaza mbao mle ndani, eti asiyekuwapo na lake halipo, mkamlaza sebuleni kama askofu aliyeharibikiwa na gari. Mkamwita Mtumishi. Kila akikohoa mnasema amina. Mkwe wangu alimwekea kikombe cha wageni, kile kile, na nilipokiona nikamwona kaka yangu. Mkaomba sala kabla ya kula mpaka mboga ikapoa, mkamwambia kila kitu ni kizuri, wote hatujambo, biashara haijambo, kila mtu anakusalimu. Na mkwe wangu na Mzee wiki hiyo hawaongei, wanatumiana ujumbe kupitia kwa paka! Kelele anamtazama huyu, anamtazama yule, anatabasamu. Nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye kamba zangu za nguo, amejifunika uso na shuka la mteja, analia. Ananiambia, "Shangazi, nimekosa nini? Mbona nimekuwa mgeni?"

Mkanisikia mtaa mzima nilivyopaza sauti. "Wee Kelele! Vyombo vilivyo jikoni aoshe nani? Mgeni siku ya kwanza, leo ni ya pili, jembe lako lile pale!" Akacheka, akakunja mikono ya lile gauni lake la kuhubiria, akaosha vyombo vyote mpaka sufuria lililoungua, na huku naosha naye nikimpa habari zote. Nikampa ya paka. Nikampa ya Mtungi kukataa mchumba kwa kutikisa kichwa tu, mwanaume wa watu akadhani anasalimiwa. Aliondoka hapa amepona.

Watu wananiita mbea. Wasiseme uongo wakaenda motoni, mimi ni mbea. Dobi yeyote ni mbea, hata akinyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zako ziko kwangu. Nimepiga pasi mashati ya mtaa huu tangu pasi ni ya mkaa. Najua nani ameacha pombe na nani anasema ameacha. Umbea wa nje nitaenda kuutolea hesabu, nimeshaandaa maneno. Lakini umbea wa nyumbani, wanangu, ule wa nani kanuna na nani kavunja glasi na nani kanenepa, huo ndio kamba ya kumfunga mtu na kwao. Kelele huko aliko anahubiriwa na kuhubiri wiki nzima. Ya Mungu anayo ya kutosha, hana haja tumwongezee kwenye simu. Anachokosa ni kujua bomba la jikoni bado linadondosha au limetengenezwa.

Halijatengenezwa, Mzee. Naendelea.

Nitawaambia tulivyokuwa tunafanya, maana mlikuwa mnatusikia tunacheka lakini hamkujua ni kazi. Jumatatu yeye anafua, na mimi nafua, miaka yote Jumatatu ndiyo siku ya mashuka. Basi akipiga, naweka simu juu ya boksi la sabuni, naye kule anaweka yake dirishani. Nasikia maji yake, anasikia maji yangu. Tunafua pamoja. Hatuna haraka. Kuna wakati hatusemi kitu, tunasugua tu. Ukimshika mtu ukamwambia haya niambie una shida gani, atakwambia sina. Lakini mtu akiwa anasugua kola, maneno yanamtoka yenyewe pamoja na uchafu. Mwanzoni kabisa alitaka kuacha. Hamkujua hilo. Milango wanafungiwa usoni, mbwa wanawafukuza, mwenzake wa chumba mmoja hasemi naye, baridi ya mlimani inamvunja mifupa, akaniambia Shangazi nimeshafunga sanduku. Sasa mngekuwa ninyi mngemwambia vumilia mtumishi. Mimi nikamwambia habari ya suruali ya fundi cherehani.

Fundi, samahani, lakini nakufa, sina cha kuogopa. Huyu bwana anashonea mtaa mzima, akaniletea suruali yake nifue, nikaigeuza, nikaona matako yote ni dirisha! Mganga hajigangi! Kumbe ndiyo maana kanisani alikuwa anakaa wa kwanza na kuondoka wa mwisho! Haa haa! Jamani... maji. Nipeni maji. Kidogo tu.

Kelele alicheka kule mpaka yule mwenzake asiyesema naye akaja kuuliza kuna nini, akasimuliwa, wakacheka wote wawili, na tangu hapo wakawa marafiki, na sanduku likafunguliwa. Kwa hiyo akimaliza utume wake na watu wakamsifia, mjue hakubakizwa kule na mahubiri ya mtu. Amebakizwa na suruali. Na mimi na mwenye suruali yule tuligombana miaka mingi, aliwahi kusema kicheko changu kinakatiza uzi kwenye sindano yake, ndiyo nikamshikia beseni lake kubwa la bati nililoazima, nikakataa kurudisha. Nimemsamehe. Beseni arudishiwe. Lakini si leo, leo nina kazi nalo.

Haya, tugawane kabla jua halijanishinda. Nyumba ni ya watatu, haiuzwi, na anayetaka kuuza akumbuke nitakuwa nimelala karibu. Mzee, wewe ndiye mwenye paa na kila tundu lililo juu yake, ukisikia mvua usijifanye umelala. Mkwe wangu, meza ya pasi ni yako, pasi zote mbili, na wateja. Unapiga pasi vizuri kuliko mimi nilivyokuwa na umri wako, sikukwambia kwa sababu ungelegea. Shati anza kola, usianze kifua. Na ukinuniana na mumeo, mnuniane kwa sauti, paka amechoka kutumwa.

Chumba cha Kelele, mbao zitoke leo. Si kesho, leo, kabla sijageuzwa kuangalia ukuta. Wala msikifanye makumbusho, msikifunge na kufuli mkaweka picha yake. Mgeni akija alale mle, Mtungi akichoka na mkoromo wa kaka yake alale mle. Kitanda kisicholaliwa kinanuka msiba. Ila kiitwe chumba cha Kelele, na akirudi hata usiku wa manane, aliyelala mle atoke anapiga miayo, amlaumu kumwamsha. Hivyo ndivyo mtu anavyojua amefika kwao. Na vile viatu vyeupe vya mama yenu viko chini ya uvungu wangu, vimo kwenye karatasi. Ni vya Mtungi, vinamtosha, nilishapima amelala. Avivae. Viende kanisani, viende sokoni, vikanyage matope. Vimekaa kwenye karatasi vya kutosha.

Sasa Mtungi. Nisogelee. Sauti inaniacha, siwezi kukupigia kelele tena.

Mwanangu, wewe ni msusi. Kichwa cha mwanamke kinakaa mapajani mwako tangu asubuhi mpaka jioni, na maneno yote ya mtaa huu yanapita juu ya mikono yako. Na wewe kimya. Nimekutazama miaka yote nikisema huyu ndiye mtungi, yanaingia tu, hayamwagiki. Mzee na mkewe wamepata vya kushika. Wewe nakuachia mdomo wangu. Usitikise kichwa! Jumatatu ni zako. Utaweka simu juu ya boksi la sabuni, utafua, utamwambia. Anza na madogo, kubwa litakuja lenyewe. Likiwa baya mwambie vile vile. Mkikosana naye mkosane kwenye simu, msimwekee akiba. Naye umuulize ya kwake, usimuulize amewahubiria wangapi, muulize amekula nini, nani kamuudhi. Na siku yangu ya kuzikwa, umsimulie yote. Nani amelia kweli, nani ametia mate machoni, nani alikula mara mbili akasema anambebea mtoto. Mchungaji asihubiri sana, akizidisha mwambieni marehemu ana wateja. Kelele asikose hata kimoja. Asiyekuwapo na lake lipo, ilimradi yupo wa kumwambia.

Kama atarudi kunizika au atabaki, hilo msimwamulie. Mimi nasema abaki amalize, kazi aliyoianza ni njema na mimi najivunia mpaka nimewachosha wateja. Lakini ni lake. Mkimficha mnamnyima hata hiyo ya kubaki kwa hiari yake. Baba yake alinyimwa...

Haya. Hiyo inalia.

Mtungi, usiiguse. Mzee. Wewe. Pokea wewe, mwanangu, hapa hapa mbele yangu, usiende jikoni. Bonyeza ile ya wote kusikia. Mwambie, Shangazi yuko hapa kitandani, anaumwa, na haponi. Hivyo hivyo, usipambe. Sema... nakushika mkono, nimekushika, sema.

Eeh.

Umesema. Umesema, baba. Umeona? Paa halijaanguka. Muda wote ulikuwa unaweza.

Mnamsikia huyo? Haa... mnamsikia anavyolia? Huyo ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo sauti aliyotoka nayo kwa mama yake. Acheni alie, asinyamazishwe na mtu, alie mpaka huko milimani wajue ana kwao. Kelele mama, nimesikia. Nipo. Hapana, sikuwa harusini, nani anioe mimi na hali hii... Una nguo za kufua leo? Una? Basi fua, mama. Usikae bure. Ya kuja au ya kubaki utayajua hapo kwenye beseni, mikono ikiwa majini, kama siku zote. Weka simu dirishani.

Mkwe, nenda kaniletee lile beseni la bati. Tia maji. Liweke hapa pembeni ya kitanda. Mkono wangu... nishushie mkono wangu humo. Aah. Yana baridi, mazuri. Mtungi, leta hata foronya hii ya mto, usugue, asikie. Usinitazame mimi, sugua. Na uanze. Mwambie mbao zinatoka leo. Mwambie... bomba. Mwambie fundi cherehani analia ukutani, anajifanya mafua.

Mzee, Mungu akupe mikono ya baba yako na usingizi ambao yeye hakuupata. Mkwe wangu, akupe nyumba yenye kelele. Kelele, mama, akutangulie kila mlango unaougonga, na ukifungwa, akukumbushe uko mmoja usiofungwa. Mtungi... akufungue kinywa. Damu yenu isiwe na mgeni ndani yake. Ukoo huu usifichane tena. Nimesema, na fundi ni shahidi, na beseni... mrudishieni.

Sasa niacheni nisikilize. Eeh. Hayo ni maji yako, Kelele? Na haya ni yetu.

Ongea, Mtungi. Nani alikuja kusuka jana? ... Eh! ... Yule? ... Haa... haki ya Mungu... endelea, endelea... na mumewe alisema nini?